Pesa ya Upepo



Katika mkutano mkuu uliopita mweka hazina alisoma matumizi ya gari, akafika kwenye mstari mmoja uliozusha kelele: kipimo cha upepo na pompe ya mguu, dola 70. Mzee mmoja alisimama nyuma akauliza: "Sasa munanunua hata upepo? Upepo si iko ya Mungu, iko bure?" Watu walicheka, nasi wa ofisi tukacheka. Lakini swali lenyewe halikupata jibu, kwa sababu mvua ilianza kupiga mabati na kila mtu akakimbilia kwake. Tumeona tulijibu hapa. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa historia, tutaanza mbali kidogo. Ajali ya gari letu tutaifikia, hatutaikwepa.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Sisi tuliokulia kambini Lugufu na Nyarugusu tunasema tairi, dereva, pancha. Waliobaki huku wanasema pine, shofere, na ikipasuka wanasema imekreva. Neno upepo tu ndilo letu sote. Hata kipimo kinatugawa: kule Kigoma fundi anahesabu kwa paundi, huku kwa bari, kwa kuwa sisi tulifuata mambo ya Kifaransa. Bari moja ni karibu paundi 14 na nusu. Kwa hiyo mmoja akisema "tia thelathini" na mwingine akasema "hapana, tia mbili", wanasema karibu kitu kimoja. Tumeshuhudia ubishi wa nusu saa chini ya mwembe juu ya jambo hilo, na kila upande ulikuwa na haki.

Sasa historia. Mtu wa kwanza kuandikisha tairi lenye upepo alikuwa Mskoti, Robert William Thomson, mwaka 1845. Alilifanya kwa ajili ya mikokoteni ya farasi, maana magari hayakuwepo bado. Halikupata soko, likasahaulika. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, aliandikisha la kwake baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, wakalivalisha gari na kuingia mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi sana hata wakafika baada ya muda kupita. Lakini walifika, na watu waliona. Tangu hapo gari limebebwa na upepo. Tunasema hivyo bila kutia chumvi: si chuma kinachobeba mzigo wa gari, wala si mpira. Mpira ni mfuko tu. Anayebeba ni upepo ulio ndani.

Mfuko huo ulitoka wapi? Hapa lazima tusimame kidogo, maana tunaandika tukiwa Kongo. Baiskeli na baadaye magari ya Ulaya na Marekani yalipotaka mpira, mpira ulikuwa msituni, kwenye mitambaazi ya porini ya nchi hii, na tangu 1885 nchi hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Wabelgiji. Makampuni kama ABIR yalipewa maeneo makubwa. Kila kijiji kiliwekewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanaume wasipoleta, wake zao walifungwa mpaka waume warudi na vikapu. Askari alitakiwa kuonyesha kwamba risasi aliyopewa haikupotea bure, na ushahidi uliokubaliwa ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, na ripoti yake ikatoka 1904. Mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa na Kongo ikawa koloni ya dola ya Ubelgiji. Mateso makubwa zaidi yalikuwa kwenye misitu ya Ekwateri, mbali na ziwa letu, lakini ni watu wetu. Mzee aliyeuliza kuhusu pesa ya upepo huenda hakujua kwamba swali lake lina mizizi ya namna hiyo: upepo ni wa bure kweli, ila mfuko wa kuutilia ulilipwa, na waliolipa zaidi hawakupanda gari hata siku moja.

Tuendelee. Magari ya kwanza yalitengenezwa kwa barabara. Nje ya barabara yalikwama, na watu walifikiri dawa ni kuongeza nguvu ya mashine. Aliyeonyesha kwamba dawa iko kwenye tairi alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, aliyekaa Misri. Miaka ya 1920 mwishoni na 1930 mwanzoni, yeye na rafiki zake walitumia likizo zao kuingia jangwa la Libya na magari ya kawaida ya Ford, mahali ambapo wenye akili zao walisema gari haliwezi kupita. Walibeba vipande vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu. Na walifanya kitu kimoja rahisi: kwenye mchanga laini walitoa sehemu ya upepo. Gari lililokuwa linachimba kaburi lake likaanza kupanda matuta ya mchanga. Mwaka 1940, vita vilipofika jangwani, Bagnold aliunda kikosi kilichopita nyuma ya Waitalia na Wajerumani kwa njia zile zile, kwa ujuzi ule ule.

Kwa nini inafanya kazi? Mama zetu wanajua bila kuambiwa. Ukipita kwenye tope na mzigo kichwani, ukikanyaga kwa kisigino unazama, ukilaza wayo wote unapita. Tairi lililojaa sana linakanyaga kwa kisigino. Ukilipunguza, linalala, na alama yake chini inarefuka. Mzigo ni ule ule, ila umegawanywa juu ya ardhi kubwa zaidi. Hata kwenye mawe linasaidia, kwa kuwa tairi laini kidogo linabonyea juu ya jiwe pale ambapo tairi gumu lingechanika. Ndiyo maana shofere anayejaza mpaka tairi linalia kama ngoma, akidhani atabeba magunia mengi, anajidanganya: kwenye changarawe gari lake linarukaruka, na breki hazishiki kitu.

Lakini kuna deni. Tairi laini linajikunja kila linapozunguka, na kila mkunjo unazaa moto. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi kwa haraka, halafu uguse: umechoma vidole. Endelea, unakatika. Tairi ni vilevile. Ukienda polepole moto unapata nafasi ya kutoka. Ukiongeza mwendo, au mzigo, au vyote viwili, moto unabaki ndani na kuula mpira na nyuzi zake. Watu wa jangwani walilijua hilo, wakifika kwenye ardhi ngumu walisimama na kupompa tena. Kutoa upepo ni dakika mbili, kuurudisha ni jasho. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kwa uvivu au kwa kukosa pompe, na sisi tulikosa vyote viwili.

Vita ile ile ilitufikia na huku. Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia ya leo, mahali palipotoka sehemu kubwa ya mpira wa dunia. Marekani ilianza kugawa matairi kwa kibali, na mwaka huo huo ikaweka mwendo wa juu wa maili 35 kwa saa, kama kilometa 56, si kwa ajili ya ajali bali ili matairi yadumu. Huku Kongo serikali ya Wabelgiji iliongeza siku za kazi za lazima mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa porini, kazi ambayo baba zao walidhani imekwisha. Mmarekani aliambiwa apunguze mwendo. Mwanakijiji wa Kongo aliambiwa aingie porini. Tairi lilikuwa lile lile.

Wakati huo Wamarekani walitengeneza pia lori la kuogelea, lile la DUKW, lililotoka majini na kupanda mchanga wa pwani moja kwa moja. Shofere wake aliweza kupunguza au kuongeza upepo akiwa amekaa kwenye kiti chake. Lilishusha mizigo Sisilia 1943 na Normandia 1944. Tunalitaja kwa wivu tu, sisi wa pompe ya mguu.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayasemwi sana, na ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Mwaka 1946 Michelin waliandikisha tairi la radiali, ambalo nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka ukingo mpaka ukingo, na kuliingiza sokoni 1949. Ni tairi zuri, linadumu, na leo ndilo lililo kwenye karibu kila gari. Lakini lina tumbo. Hata likiwa na upepo wa kutosha linaonekana limelegea pembeni. Macho yaliyofundishwa na matairi ya zamani hayalielewi. Mtu analiona liko sawa, kumbe limebakiwa na nusu. Anapiga teke, linalia, anaridhika. Teke halina namba. Tangu radiali iingie, hakuna njia ya kujua isipokuwa kipimo.

Na msidhani hayo ni ya maskini peke yao. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa kwenye jipu za Ford Explorer. Ngozi ya juu ilikuwa inabanduka gari likiwa mbio, na gari linapinduka. Walikufa zaidi ya watu 250 nchini humo. Makampuni hayo mawili yalirushiana lawama miezi mingi, na katikati ya ubishi kulikuwa na namba mbili ndogo: Ford ilikuwa inawaambia wenye gari watie paundi 26, Firestone ilisema ingefaa 30. Tofauti ya paundi nne, pamoja na joto, mwendo, mzigo na tairi lenyewe lenye kasoro. Baada ya hapo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na magari mapya yakalazimishwa kuwa na taa inayomwonya dereva upepo ukipungua.

Gari letu halina taa hiyo. Sasa tufike kwake.

Ilikuwa wakati wa mvua. Tulipanda Fizi na juu zaidi kupeleka mbegu, na kwenye mteremko mmoja jipu lililala kwenye tope mpaka ekseli. Shofere alifanya alichofundishwa na wakubwa wake wa kazi: alibonyeza valvu za magurudumu yote manne, akaacha upepo utoke mpaka macho yake yaliporidhika. Tulisukuma, tukatoka. Tulimpigia makofi. Jioni tulifika Baraka, ilikuwa Jumapili, kwado wote wamefunga. Hatukuwa na pompe. Hatukuwa na kipimo. Asubuhi saa kumi na moja tuliondoka kwenda Uvira, watu kumi na mmoja ndani na magunia sita ya mchele juu, na sisi wa ofisi ndio tuliomwambia akaze mwendo, kwa kuwa saa nne tulikuwa na kikao na wageni. Alituuliza kama tusubiri kwado afungue. Tulimjibu, "Twende tu, Papa, tutajaza Uvira." Neno hilo liandikwe.

Baada ya Mboko barabara ilikuwa imekauka, nzuri. Tulikuwa kama kilometa 75 kwa saa. Tairi la nyuma kushoto lilipasuka kwa mlio ambao wengi wetu, kwa mambo tuliyopitia nchi hii, tuliudhania ni kitu kingine, tukainama. Shofere alikanyaga breki kwa nguvu, jambo ambalo mtu yeyote angefanya na ambalo halifai: tairi likipasuka, shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, acha gari lichoke lenyewe. Gari lilizunguka, uzito wa mchele juu ukalivuta, likalala ubavu. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja wa kikundi cha ushonaji alivunjika nyonga. Mwanafunzi tuliyempa lifti alipoteza meno matatu.

Kabla ya wiki kwisha, kila mtaa ulikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Wengi walisema: "Shofere alikunywa, juu ya nini munamufichia?" Kamati iliandaa barua ya kumsimamisha kazi, na tunakiri kwamba mmoja wetu aliiandika kwa mkono wake.

Aliyeizuia ni kwado wa Uvira. Alilitoa lile tairi kwenye rimu, akalipindua, na ndani yake ukamwagika unga mweusi kama kahawa iliyosagwa. Pembeni, kulizunguka lote, kulikuwa na mstari kama mtu amelichora kwa kisu cha moto. "Huu mpira umejitafuna wenyewe," alisema. "Hii kazi haikuanza leo asubuhi. Imetembea bila upepo." Akayapima matatu yaliyobaki mbele yetu: 1.4, 1.3, 1.5. Kibandiko kwenye mlango wa shofere, ambacho sisi sote tulipita mbele yake miaka miwili bila kukisoma, kinataka zaidi sana, na kwa gari lililojaa kinataka ya nyuma yazidi ya mbele. Barua ilichanwa.

Tulikumbuka basi kitu tulichokiona utotoni. Kule kambini, kila asubuhi, madereva wa mashirika walizunguka gari na kipimo mkononi kabla ya kuwasha. Tulidhani ni starehe ya watu wenye muda.

Sasa tunafanya hivi. Asubuhi, tairi likiwa bado baridi, shofere anapima yote matano, na la sekure likiwemo, anaandika namba kwenye daftari. Tairi likiwa na moto namba hupanda, kwa hiyo mchana hatuguswi na tamaa ya kupunguza. Kwenye tope zito gari letu tunalishusha mpaka bari 1.5, kwenye mchanga wa kandokando ya ziwa mpaka 1.2. Chini ya 1 hatushuki, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Hizo ni namba za gari letu. Mwenye gari lingine asome kibandiko chake na aulize fundi. Tairi likiwa limeshushwa hatuzidi kilometa 30 kwa saa, hata kama wageni wanasubiri, hata kama ni waziri. Tukifika pagumu tunasimama na kupompa kwa mguu, kila abiria kwa zamu, na kwa matairi manne inachukua karibu saa nzima. Mizigo mizito haipandi juu tena. Watu kumi na mmoja nao hapana, na hapo tunajua tumewaudhi wengi, hasa siku za soko. Samahani, ila jibu litabaki lile.

Kuna aliyependekeza kwenye mkutano kwamba dola hizo 70 zingefaa zaidi kununua dawa. Tumepiga hesabu ya nyonga ile: hospitali, usafiri, chakula cha mgonjwa na mgonjwaji, miezi mitatu bila cherehani. Mweka hazina anayo karatasi hiyo. Hatutaichapisha hapa kwa heshima ya mama mwenyewe, ila mwanachama yeyote anaweza kuiona.

Yeye sasa anatembea na fimbo, na wiki jana alisafiri nasi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakupanda mara moja. Alisimama karibu na gurudumu la nyuma kushoto akamuuliza shofere, "Ngapi?" Akamtajia. "Na lile lingine?" Akamtajia. Akauliza yote matano, kisha akampa mtu fimbo amshikie, akapanda.

Kipimo kinaning'inia ofisini kwenye msumari mmoja na ufunguo wa gari, na daftari liko chini yake mezani. Kura ya bajeti ya gari ni mkutano ujao. Yule mzee tunamwomba afike mapema, tumempangia kupompa gurudumu la kwanza.